Interpres: Mtu wa Bei au Mtu wa Maneno?

Katika semina yetu ya tafsiri muhula uliopita, mjadala uliochukua muda mrefu kuliko yote ulihusu neno moja lililo juu ya jalada la kitabu. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kichwa cha Kiingereza kina mfanyabiashara mmoja. Cha Kiswahili kina mabepari, tena kwa wingi. Mwenzetu aliyekuwa na zamu ya kuwasilisha alidai kwamba hapo Mwalimu hakuwa mfasiri mwaminifu, na ili kuipa hoja yake nguvu akamtaja mshairi wa Roma, Horace, ambaye eti ndiye aliyetuachia kipimo cha mfasiri mwaminifu. Mwingine akamjibu kwamba Horace huyohuyo alisema kinyume, yaani mfasiri asifuate neno kwa neno. Wote wawili walikuwa wameyapata hayo katika vitini vya kozi, na kila mmoja alikuwa na ukurasa wa kuonyesha. Hakuna aliyeuliza Horace alikuwa akimzungumzia nani hasa.

Nilitoka pale na swali hilo, likanipeleka maktaba. Neno alilolitumia Horace ni interpres, na interpres ni jina la kazi. Makala haya yanafuatilia jina hilo: limetoka wapi, lilimtaja nani, na kwa nini kulifasiri kwa neno “mfasiri” bila maelezo kumetupa kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa.

Tuanze na umbo. Sehemu ya kwanza haina utata: inter ni “kati ya”. Sehemu ya pili inajificha kidogo katika umoja, lakini nomino inapochukua viambishi vingine mzizi hujitokeza: interpretis, na kitenzi chake interpretari. Mzizi basi ni interpret-, na swali linabaki kwenye hiyo -pret-. Ni nini ambacho mtu huyu yuko katikati yake?

Jibu la zamani lililosomwa sana Ulaya kwa karne nyingi ni la Isidore, askofu wa Seville, aliyefariki mwaka 636. Katika kitabu chake kikubwa cha asili za maneno anasema interpres anaitwa hivyo kwa sababu yuko katikati ya pande mbili, anapohamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine. Pande kwa Kilatini ni partes. Maelezo hayo yanavutia kwa sababu yanaeleza kazi vizuri, na yeyote aliyewahi kukalimani atayakubali mara moja. Shida yake ni sauti. Kilatini kina kawaida inayojulikana: irabu a ikiingia katikati ya neno ambatani, mbele ya konsonanti mbili, hugeuka e. Kwa hiyo ex na pars vilipoungana vilitoa expers, “asiye na sehemu”. Kwa kanuni hiyohiyo, inter na pars vingetupa interpers. Lakini neno tulilonalo ni interpres, r ikiwa mbele ya irabu. Mtu anaweza kusema sauti zilibadilishana nafasi, na hutokea hivyo katika lugha. Ila ni kuomba msamaha ambao hauhitajiki iwapo kuna maelezo yasiyouhitaji.

Nayo yapo. Wanaisimu wengi wa karne mbili zilizopita wameitazama hiyo -pret- na kuiweka kando ya neno la kawaida kabisa la Kilatini, pretium, yaani bei, thamani, malipo. Ni neno lilelile lililozaa prix ya Kifaransa, precio ya Kihispania na price ya Kiingereza. Hapa hakuna sauti inayohitaji kuhamishwa. Interpres angekuwa mtu aliye kati ya bei mbili: ya anayeuza na ya anayenunua. Kwa maneno mengine, kabla ya kuwa mtu wa lugha alikuwa mtu wa soko.

Nilipofika hapo nilifurahi kupita kiasi, na nadhani kila mwanafunzi wa etimolojia anaifahamu furaha hiyo na hatari yake. Nilikuwa tayari kuandika kwamba tafsiri yote imezaliwa sokoni. Lakini pretium lenyewe lina asili yake. Wanaisimu hulihusisha na familia ya maneno yenye maana ya “kuelekea, kukabili, kwa kurudisha”. Katika Kisanskriti lipo prati lenye maana hizo. Bei, kwa mtazamo huo, ni kile kinachosimama mkabala wa kitu, kinachorudishwa badala yake. Ikiwa interpres limechota kutoka chemchemi hiyo ya mbali, basi si lazima sarafu iwe ndani ya mzizi. Huenda ni “aliye kati ya wanaokabiliana” tu. Mzizi pekee haumalizi kesi. Tuone basi Warumi wenyewe walimwita nani interpres walipokuwa wakiongea na kugombana.

Miongoni mwa mashahidi wetu wa mwanzo ni Plautus, mwandishi wa vichekesho wa mnamo mwaka 200 KK. Katika tamthilia yake ya askari mwenye majivuno, mtumwa mmoja mjanja anapanga kumlaghai bwana wake kwa pete inayodaiwa kutoka kwa mke wa jirani. Pete itapita mikononi mwa kijakazi, ifike kwa mtumwa, naye ataipeleka kwa askari kana kwamba yeye ndiye interpres wa jambo hilo. Watu wote katika mchezo huo wanaelewana lugha vizuri kabisa, kwa hiyo hakuna cha kufasiri. Mfasiri hapo hayupo. Yupo mtu anayebeba ujumbe wa mapenzi kati ya wawili. Kiswahili tungesema mshenga, au kwa kuwa mpango wenyewe ni wa hila na mke ni wa kubuni, kuwadi.

Cicero naye, katika kesi yake dhidi ya Verres mwaka 70 KK, anataja watu wanaozunguka mahakama na rushwa: wapo wanaoweka fedha, wanaozipokea, wanaoahidi, wanaozishika hadi hukumu itoke, na wapo interpretes wa kuharibu hukumu. Hao wa mwisho ni wale wanaokwenda kwa mwenye kesi na kurudi kwa hakimu. Lugha ni moja, Kilatini, na kinachohamishwa ni bei.

Katika hotuba hizohizo kuna mfano unaounganisha maana zote mbili. Verres alipokuwa gavana wa Sicily, ambako watu walisema Kigiriki, alikuwa na interpres aitwaye Valentius. Cicero anasema gavana alimtumia mtu huyo si kwa ajili ya Kigiriki bali kwa ajili ya wizi na maovu yake. Dhihaka hiyo isingefanya kazi kama neno lingekuwa na maana moja tu. Msikilizaji anasikia “mkalimani” kwanza, halafu Cicero anageuza upande wa pili wa neno na msikilizaji anaona “dalali”. Mtu ni yuleyule, nafasi ni ileile katikati ya gavana na wakulima wa ngano, na kwa sababu yuko katikati anajua kila upande una nini mfukoni.

Ushahidi mwingine nilioupenda hauko vitabuni bali kwenye jiwe la kaburi. Lilipatikana Boldog, nchini Slovakia, ng'ambo ya mto Danube, nje ya mpaka wa dola. Aliyezikwa ni Quintus Atilius Primus, aliyefikisha umri wa miaka 80. Jiwe linamtaja kwa kazi tatu: interpres wa legioni ya 15, akida wa askari, na mfanyabiashara. Fundi wa jiwe alikosea tahajia, akaacha herufi p, hata neno likasomeka kama cheo kingine cha Kirumi kisichoweza kuwa chake. Wasomi wamelirudishia herufi yake. Naye Pliny anasimulia kwamba katika mji wa Dioscurias, pwani ya mashariki ya Bahari Nyeusi, biashara za Warumi ziliwahi kuendeshwa kwa wakalimani 130. Si lazima tuamini idadi hiyo kwa sarafu ya mwisho ili tuone mahali ambapo Mrumi alitarajia kumkuta interpres: penye mizigo na mizani.

Hapa naomba nitoke Roma kidogo, kwa sababu kazi hiyo nimewahi kuifanya. Likizo za sekondari nilizitumia kwa shangazi yangu aliyekuwa na kibanda Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Akina mama kutoka ng'ambo walivusha mawese, na wanunuzi wa Kampala waliokuja na malori hawakujua ila Kiluganda na Kiingereza. Nikawa nasimama katikati. Siku moja mnunuzi alitaja bei ya jerikani kwa emitwalo munaana. Omutwalo mmoja ni shilingi elfu kumi, kwa hiyo alikuwa amesema elfu themanini. Mimi, kwa haraka na kwa kujiona najua, nikasema elfu nane. Yule mama alinitazama, akafunga kifuniko cha jerikani, akasema polepole, “Mtoto yangu, huyu anataka kunitukana?” Mnunuzi naye, alipoona kifuniko kinafungwa, alidhani mama ana kiburi. Walitazamana kwa hasira kwa sababu ya neno ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelisema. Nilisahihisha, biashara ikafanyika, lakini tangu hapo mama yule alinitaka nirudie kila nambari kwa vidole.

Sikuambiwa siku ile niwe mbunifu wala nizingatie utamaduni wa hadhira lengwa. Niliambiwa nirudie nambari. Katika nafasi ile, uaminifu ni kutoongeza na kutopunguza, kwa sababu kila kinachoongezwa au kupunguzwa kinatoka kwenye mfuko wa mtu.

Warumi walijua pia kwamba aliye katikati hana mahali pake. Cicero, akitetea uraia wa Balbus, anakumbusha kisa cha Publicius Menander, mtumwa aliyeachwa huru, ambaye mabalozi wa Roma walitaka kumchukua Ugiriki kama interpres wao. Ikabidi jambo lipelekwe mbele ya wananchi ili iamuliwe kwamba, iwapo angepita nyumbani kwao na kisha kurudi Roma, asipungukiwe na uraia wake wa Kirumi. Mgiriki kwa kuzaliwa, Mrumi kwa sheria, na safari moja ya kazi ingeweza kumwacha bila upande wowote. Mabalozi waliokwenda naye hawakuwa na wasiwasi kama huo.

Tena si kila mara aliwekwa katikati kwa sababu pande mbili hazikuelewana. Valerius Maximus anasimulia kwamba maofisa wa Roma ya zamani waliwalazimisha Wagiriki kusema kupitia interpres, hata huko Ugiriki na Asia kwenyewe, ili hadhi ya Kilatini ionekane. Na miongoni mwa maofisa hao wapo waliokijua Kigiriki vyema. Ukisoma kitabu cha Mwanzo sura ya 42 utakuta jambo kama hilo. Ndugu wamekuja Misri na fedha kununua nafaka, Yusufu anaelewa kila wanachosema, na bado anazungumza nao kupitia mkalimani. Maandishi ya Kiebrania yanasema mkalimani alikuwa kati yao. Jerome alipofasiri kwa Kilatini alitumia interpres. Wanaonunua hawajui kwamba muuzaji anawaelewa. Mkalimani pale ni pazia.

Neno lilipanda vyeo pia, na hapo sitakaa sana. Mwanasheria anayeeleza sheria aliitwa interpres wake. Wapiga ramli rasmi wa dola, waliosoma ishara za ndege, walikuwa interpretes wa Jupiter. Virgil anamwita hivyo Mercury, mjumbe wa miungu. Kinachonivutia ni kwamba Virgil huyohuyo, katika kitabu cha nne cha utenzi wake, analitumia kwa mungu wa kike Juno kama msimamizi wa masuala ya Dido na ndoa yake iliyovunjika. Yaani mshenga wa Plautus alikuwa bado hai ndani ya neno, hata baada ya neno kuvaa kanzu ya ibada.

Sasa turudi kwa wale wanaotajwa katika vitini vyetu, tukiwa na mtu huyu machoni.

Mnamo mwaka 46 KK Cicero aliandika utangulizi wa tafsiri ya hotuba mbili mashuhuri za Kigiriki, ya Aeschines na ya Demosthenes. Tafsiri zenyewe hatunazo, utangulizi tunao. Humo anasema hakuzigeuza kama interpres bali kama msemaji wa hadharani. Sentensi hiyo imenukuliwa katika kila kitabu cha nadharia ya tafsiri nilichokipata, na karibu kila mara inakatwa hapo au mstari mmoja baadaye. Wanafunzi tunaelewa: kuna mfasiri wa chini anayefuata maneno, na kuna mfasiri wa juu anayefuata roho. Lakini Cicero anaendelea, na anachosema baadaye ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Anasema hakuona inafaa kumhesabia msomaji maneno, bali kumpimia uzito wake.

Vitenzi viwili alivyovichagua ni vya malipo. Cha kwanza ni kuhesabu fedha mkononi mwa mtu, moja moja. Cha pili ni kupima katika mizani, na kinatukumbusha zama ambazo Warumi walilipana kwa vipande vya shaba nyekundu vilivyopimwa. Ndiyo maana pendere, “kupima uzito”, lina pia maana ya “kulipa”. Kwa hiyo Cicero, mara tu baada ya kumtaja interpres, anafikia sitiari ya kulipa deni. Sisemi alikuwa anafanya etimolojia. Ninasema neno lilikuwa bado na harufu ya soko kiasi kwamba sitiari ilikuja yenyewe. Interpres anahesabu sarafu: neno moja hapa, neno moja pale, mpaka hesabu itimie. Cicero analipa deni lilelile kwa njia nyingine, na wala hadai kwamba amesamehewa deni. Anayepima kwa mizani anaweza kupunja kama anayehesabu. Hii “tafsiri huru” tunayomsingizia Cicero, mtu asiyedaiwa chochote, haimo katika maneno yake.

Horace aliandika miaka kadhaa baada ya Cicero, na hapa ndipo semina yetu ilipoteleza. Mstari wake uko ndani ya shairi linalowafundisha washairi. Anawaambia kwamba visa vinavyojulikana na wote, kama vile vya vita vya Troy, vinaweza kuwa mali yao wenyewe, mradi wasizunguke pale palipokanyagwa na kila mtu, na wasijali kurudisha neno kwa neno kama interpres mwaminifu, wala wasijitose kwa kuiga mahali pembamba wasipoweza kutoka. Hamwambii mfasiri afanye nini. Anamwambia mshairi asifanye kazi ya mtu mwingine. Na mtu huyo mwingine anamwita fidus, wa kutegemewa, neno la heshima, kwa sababu kwa mtu yule kurudisha neno kwa neno ni sifa. Ni sifa ileile niliyotakiwa kuwa nayo mbele ya jerikani la mawese.

Kwa hiyo wenzangu wawili walikosea wote. Horace hakuagiza tafsiri sisisi, wala hakuikataza. Aliichukulia kuwa kazi halali ya mtu fulani, kisha akaendelea na washairi wake.

Aliyeuhamisha mstari huo, kwa kadiri nilivyoweza kufuatilia, ni Jerome. Mnamo mwaka 395 alishutumiwa kwamba amefasiri kwa udanganyifu barua ya askofu Epiphanius kutoka Kigiriki. Akajitetea kwa barua kwa rafiki yake Pammachius, na katika utetezi huo akawaita Cicero na Horace kama mashahidi kwamba hufasiriwa maana, si neno kwa neno. Alibakiza Maandiko Matakatifu, ambamo hata mpangilio wa maneno kwake ni fumbo. Ni barua ya mshitakiwa, na imeandikwa vizuri sana. Lakini mshitakiwa huchukua shahidi anapompata. Tangu hapo ushauri kwa washairi ukasomwa kama kanuni ya wafasiri, na interpres wa sokoni akapandishwa dawati la mwandishi bila kuulizwa. Mizani na sarafu zikaachwa nje.

Kiswahili kingeweza kutuokoa na mkanganyiko huu, maana sisi hatuna neno moja. Tunayo kadhaa, na kila moja lina njia yake. Mkalimani ana undugu na kalima ya Kiarabu, neno linalosemwa. Mfasiri anatoka kwenye kufafanua, ndiyo maana tafsiri ya Kurani ni maelezo yake kwanza. Tarjumani limesafiri kutoka mbali zaidi, kupitia Kiarabu na Kiaramu hadi Kiakadi. Na dalali, ambaye leo akitajwa watu hushika mifuko yao, kwa asili ya Kiarabu ni anayeonyesha, ndugu wa dalili. Angalieni mambo yanavyopishana: mtu tunayemwona wa fedha tu, jina lake lina mwongozo ndani, na yule tunayemheshimu kama mtu wa maneno, jina lake la Kilatini huenda lina bei. Interpres angeweza kuwa yeyote kati ya hawa wanne, na mshenga juu yake. Vitini vyetu vimemwita mfasiri, yaani vimechagua kati ya wanne hao yule ambaye Horace alikuwa mbali naye kuliko wote.

Ninayasema haya si kwa kupenda Kilatini. Katika mtihani mmoja wa tafsiri tuliofanya, matini mbili ziliwekwa bega kwa bega: mkataba wa kupangisha nyumba na beti tatu za shairi. Mwongozo wa usahihishaji ulikuwa mmoja, alama nusu ikikatwa kwa kila neno lililorukwa. Kwa mkataba sina malalamiko. Aliyeruka “kabla ya” katika kifungu cha kodi ya pango amemfukuza mtu nyumbani. Kwa shairi, tulihesabiwa sarafu mahali palipohitaji mizani, na waliopata alama za juu ni wale ambao beti zao hazikuweza kusomwa kwa sauti. Ukiuliza sababu, jibu ni uaminifu, na nyuma ya uaminifu huo amesimamishwa Horace.

Na Mabepari wa Venisi? Nilitarajia kwamba safari hii ingenipa utetezi wa Mwalimu. Ningesema: alifanya kama Cicero, alipima uzito, basi. Lakini mizani haina upendeleo. Mwaka 1969 ulikuwa miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, na neno bepari katika Tanzania ya siku zile lilikuwa limebeba hukumu nzima ndani yake. Mfanyabiashara wa Shakespeare ni Antonio, anayekopesha bila riba na ambaye nusura afe kwa ajili ya rafiki. Mkopeshaji wa riba ni Shylock, na uadui wao unatokana kwa sehemu na tofauti hiyohiyo. Wingi wa kichwa cha Kiswahili unawatia wote katika kapu moja kabla pazia halijafunguliwa. Hicho ni kitu kizito kilichowekwa upande mmoja wa mizani, na mtu anaweza kusema kwamba tamthilia imelipwa zaidi ya ilivyodai. Anaweza pia kusema kwamba Mwalimu aliona jambo ambalo kichwa cha Kiingereza kinalificha: kwamba Antonio naye, kwa meli zake na mizigo yake, anaishi kwa soko lilelile linalomlisha Shylock, na kwamba mtazamaji wa Dar es Salaam alikuwa na haki ya kuambiwa hivyo mapema.

Mimi naegemea upande wa kwanza. Nikiisoma tamthilia yenyewe ndani, naona Kiswahili cha Mwalimu kinawapa Antonio na Shylock sauti mbili tofauti, na kichwa kinazifuta. Mwenzangu wa semina kwa hiyo alikuwa karibu na haki katika hukumu yake, ila alifika huko kwa kuhesabu: mmoja dhidi ya wengi, mfanyabiashara dhidi ya bepari. Nimemwandikia hivyo. Amenijibu kwamba kama hukumu ni ileile, basi nimemzungusha Roma nzima bure, na kwamba nimletee tamthilia yoyote iliyofasiriwa kwa Kiswahili tuipime kwa mizani hiyo nione kama sitaishia kuhesabu. Tumekubaliana tuanze na tendo la nne, pale Shylock anapodai ratili yake ya nyama na mizani iko tayari mahakamani.